Mikono Mikavu ya Fundi Vioo

Tarehe 11 Aprili 2016, siku ya kwanza ya fundi huyu katika chumba safi, kile kisichotakiwa hata chembe ya vumbi, mkuu wa chumba alimshika kiganja akakinusa kama mtu anayekagua samaki sokoni. Alimuuliza amepaka nini. Mafuta ya kawaida tu, alijibu, ya asubuhi. Akarudishwa nyumbani papo hapo, akaambiwa aoge kwa sabuni isiyo na harufu, asijipake kitu, aje baada ya siku tatu. Tangu hapo ngozi yake haikuonja mafuta tena, na kazini kwao wote humwita Chaki.

Chaki hupachika vioo vya darubini, lakini si darubini ya kuchungulia kwa jicho. Hii itapandishwa angani kwa roketi ikanase eksirei, nuru isiyoonekana kwa macho, zinazotoka kwenye gesi yenye joto la mamilioni ya nyuzi, na kwenye vumbi linalozunguka shimo jeusi kabla ya kumezwa. Eksirei hizo hazifiki ardhini. Hewa huzimaliza zote njiani, na ni bahati yetu sisi tunaoishi chini yake. Anayezitaka hana budi kuzifuata juu.

Tena zina kiburi. Ukiziwekea kioo uso kwa uso zinapenya na kwenda zake. Hukubali kudunda pale tu zinapokuja kwa mlazo, zikikiparuza kioo kwa juujuu, jinsi jiwe bapa linavyoruka juu ya maji ya bwawa ukilitupa kwa ubavu. Kwa hiyo vioo vya Chaki havifanani na vioo. Ni mapipa membamba yaliyo wazi huku na huku, yamepakwa dhahabu kwa ndani, na yamepachikwa moja ndani ya jingine kama sufuria kabatini. Eksirei huingia mdomoni, huteleza ukutani, huteleza tena, kisha hukutana mbali nyuma kwenye kipokezi kilichopozwa kwa baridi kali, ambacho huhesabu kila chembe ya nuru peke yake. Kuna vitu vya mbali huko vinavyoleta chembe moja tu kwa saa nzima. Hiyo nayo huhesabiwa.

Utando wa mafuta, hata ule usioonekana kwa macho, unatosha kuziharibia njia. Na mafuta ya mtu hayatulii mwilini. Hupaa kama harufu, yakatafuta pa kutua. Glavu na barakoa huyapunguza, hazimalizi kazi. Ndiyo maana Chaki hakaangi chakula, anachemsha. Kinyozi wake ameshazoea kumwachia kichwa kikavu. Salamu yake ni ya kupunga mkono kwa mbali. Mchumba wake alivumilia mwaka mmoja, kisha akaondoka, akisema ni kama kuolewa na gunia. Chaki husimulia maneno hayo huku akicheka, ingawa hakuna aliyemwona akileta mchumba mwingine.

Baba yake alifariki katikati ya msimu wa kupachika. Chaki alikwenda kuzika akiwa na glavu nyeupe za kazini, akapeana nazo mikono na waombolezaji, mmoja baada ya mwingine. Kwake yeye ilikuwa tahadhari tu, kama kufunga mlango. Alipofika kwa mama yake, mama alikitazama kile kiganja cheupe, akakigusa kwa ncha za vidole, akakiachia. Jioni dada yake alimvuta pembeni akamwambia alichosema mama: mwanangu ananiona uchafu.

Siku ya pili alimkalisha mama akamweleza habari za mapipa, dhahabu na utando. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama mafuta yake yana miguu. Zamani, kila Chaki alipofika, mama alikuwa akimkamata mkono na kutafuta kopo lake la mafuta, na Chaki akiuchomoa kwa utani. Baada ya msiba mama hakuukamata tena.

Mwezi uliopita dada alihamishiwa kazi mji wa mbali, na mama akawa anakwenda naye. Wangeondoka Jumamosi iliyopita. Jumatatu yake kingepachikwa kioo cha mwisho, kidogo kuliko vyote, kile cha katikati kabisa. Vingine vyote Chaki alikuwa ameviweka kwa mikono yake. Alikwenda kuomba kazi iahirishwe siku chache, apate kumuaga mama kwa kumshika mkono.

"Roketi haina mama, Chaki," mkuu wa chumba alimjibu. "Ukiguswa na mafuta, kioo anaweka Mrefu."

Mrefu, fundi mwenzake, aliyekuwa amesimama karibu, alimtania kwamba ameshakula vya kutosha, sasa anataka na ukoko.

Jumamosi alikuta magodoro yamefungwa kamba na chumba kinarudisha mwangwi. Mama alikuwa ameketi ukutani, mikono mapajani, mkoba miguuni. Alimuuliza kama anakula. Anakula, alisema Chaki. Vya kuchemsha? Vya kuchemsha. Waliongea kidogo juu ya barabara na mvua. Dada alipoita kutoka nje kwamba gari liko tayari, mama aliinuka, akamtakia mwanawe kila la heri, kisha akampungia mkono kwa mbali, vilevile kama alivyofundishwa naye.

Chaki aliweka chini furushi alilokuwa amelibeba kupeleka garini. Alimsogelea, akachuchumaa mbele yake, akamnyooshea mikono yote miwili.

"Mama, nipake."

"Na vioo vyako?"

"Kimebaki kimoja. Ataweka mwenzangu."

Mama alifikiri. "Hicho cha mwisho si ndicho ulichokuwa unakingoja?"

"Ndicho."

Mama aliketi tena. Akamwambia dada amwambie dereva asubiri, akatoa kopo mkobani. Alimpaka kidole baada ya kidole, bila haraka, huku akimgombeza kwa nyufa za viganja.

"Mikono kama gome la mti. Watu wakikuona watasema sikukuzaa, nilikuokota."

Mafuta yaliyobaki alimpaka usoni, kama mtoto anayepelekwa shule. Halafu gari likaondoka, na Chaki akatembea mpaka chumbani kwake peke yake. Yeye mwenyewe alimpigia simu mkuu wa chumba, akamwambia amepakwa mafuta. Mkuu alimkumbusha sharti tu: siku tatu, kuanzia anapooga.

Hakuoga siku hiyo. Jumapili alikula kwa kijiko ili asinawe. Leo asubuhi, Jumatatu, alisimama nje ya dirisha la chumba safi, akamtazama Mrefu akishusha lile pipa dogo, taratibu, mpaka likakaa mahali pake. Lilikaa vizuri. Ndani walipeana ishara kwa vidole gumba, na kwa kuwa wote walikuwa na barakoa, hakuweza kujua kama kuna aliyemtazama. Alinusa kiganja chake. Harufu ilikuwa imebaki kidogo sana.

Jioni hii ataoga kwa sabuni isiyo na harufu, na Ijumaa atarudi ndani kusaidia kufunga mfuniko wa darubini.