Kusema na Papa Bokilo Juu ya Kizazi cha Ng'ombe

Katika ukoo wa mume wangu, mke wa mtoto hazungumzi ovyo na baba mkwe, yule tunayemwita papa bokilo. Nilipoolewa niliambiwa mapema: ukikutana naye njiani, mpishe, akila, usikae mbele yake, na mambo ya tumbo na uzazi usiyataje kabisa akiwa karibu. Mimi ni mtoto wa wavuvi wa maporomoko ya Kisangani, na kwetu watu hupaza sauti ili wasikike juu ya maji. Lakini nilijifunza. Shida ni kwamba kazi yangu ni uzazi wa ng'ombe.

Papa bokilo alitoka Kivu ya Kusini zamani, akapitia Maniema, akashuka Lubunga, ng'ambo ya mto kutoka Kisangani, kwa treni ya Ubundu akiwa na ng'ombe wachache ndani ya behewa. Bado anafuga kulekule, nyuma ya mashamba ya muhogo. Karibu wote ni weusi, wadogo, wavumilivu wa nzi na mvua. Mmoja tu alikuwa tofauti: mwekundu, tumbo jeupe, na maziwa yake yalitosha nyumba nzima pamoja na majirani. Mwaka mmoja akazaa kwa taabu dume kubwa kupita kiasi, nyonga ikaumia. Akapona, lakini alibaki anachechemea. Kila aliyemtazama alijua kwamba mimba nyingine ingemmaliza, na hakuwa amezaa jike hata mmoja.

Jumapili moja tulivuka mto kwenda kula lituma, ndizi za kutwanga, kwao. Nikiwa jikoni na mama bokilo nilimwambia kwamba tunaweza kumpata mtoto wa yule mwekundu bila yeye kubeba mimba mpaka mwisho. Mama akaacha kutwanga ndizi.

"Bila kubeba? Sasa nani atabeba?"

"Wale weusi."

Akatoka na mchi mkononi kumpelekea papa habari. Papa alikuwa amekaa barazani, na mimi nilibaki nyuma ya ukuta wa jiko, hatua chache tu kutoka kwake. Tulianza kuzungumza hivyo, mama akiwa katikati.

"Umuulize hiyo kazi inafanyika namna gani," papa akasema.

"Mama, mwambie papa kwamba ng'ombe kwa kawaida hukomaza yai moja tu kila anapotaka dume. Tukimchoma homoni siku chache, asubuhi na jioni, yatakomaa mengi kwa pamoja. Mbegu tunaiweka sisi wenyewe kwa mrija. Ikipita wiki moja, mimba zikiwa changa kabisa, tunaziosha zitoke ndani yake, kisha tunawapa wale weusi, kila mmoja ya kwake."

Mama akageuka. "Anasema ng'ombe yako itapata mimba mingi, kisha yeye ataifua."

"Nimesikia. Masikio haijakufa." Papa akatazama upande wa zizi. "Umuulize kama itamuumiza."

"Mwambie atachoka, lakini atapona. Kumwacha abebe ndiko kutakakomuumiza."

"Bon," papa akasema. "Afanye."

Wiki ya sindano nilihamia kwao. Dawa ilitaka baridi, kwa hiyo niliivusha katika sanduku la barafu la mama yangu mzazi, ambalo lilikuwa limebeba samaki maisha yake yote. Ndani ya pirogi, mtumbwi wa kuvukia, wanawake wawili waliniuliza bei ya samaki. Nilipowaambia kuna dawa ya ng'ombe tu, mmoja alinusa, akasema basi ng'ombe huyo anaishi majini.

Kila asubuhi na kila jioni mama alishika kamba, mimi nikachoma. Papa alisimama kwenye uzio akitupa mgongo, kofia imeshuka usoni, lakini niliona vizuri kwamba mgongo ule unasikiliza. Weusi wawili nao niliwachoma dawa nyingine, ili miili yao iende pamoja na wa mwekundu. Kizazi kisipokuwa tayari siku ileile, mimba ngeni haishiki.

Siku ya kuosha, wiki moja baada ya kumtia mbegu, nilikuja na mwenzangu wa kazi. Yeye aliinua chupa ya maji ya dawa, mama akashika kichwa cha ng'ombe, mimi nikawa na mkono mmoja ndani ya ng'ombe na mwingine kwenye mpira wa kupitishia maji. Maji yaliingia, yakarudi, tukayachuja katika kibakuli. Kisha nikampiga mwekundu sindano ya mwisho, asije akabaki na mimba yoyote iliyotuponyoka.

Nilikaa na hadubini chini ya bati, kwa sababu joto la jua lingeziua mimba zile. Ila hadubini yenyewe haikuwa na taa. Ilihitaji mtu asimame uani na kioo, aurushe mwanga ndani. Mwenzangu alikuwa bado anahangaika na mipira yake. Aliyebaki ni mmoja tu.

"Mama!" nikaita. "Umwambie papa achukue kioo!"

"Sisikii!" mama akajibu kutoka kwa ng'ombe.

Wingu kubwa lilikuwa linakuja juu ya mto. Damu ya wavuvi ikanipanda.

"Papa! Chukua kioo! Inua! Kushoto. Hapana, papa, kushoto kwako!"

Mwenzangu aliacha mdomo wazi. Halafu mwanga ukaingia chini ya bati, ukatafuta kidogo, ukatulia palepale nilipoutaka.

Mwanzoni niliona takataka tu. Kisha ikaja duara moja safi, ganda lake linang'aa, na ndani yake chembe zimebanana kama mayai ya samaki. Pembeni kulikuwa na nyingine. Nilicheka peke yangu.

"Papa, njoo uone."

Nikamwachia kiti, nikatoka kushika kioo. Alivua kofia, akainama, akafumba macho yote mawili.

"Fungua moja, papa."

"Aa!" Akasogeza jicho karibu zaidi. "Na kichwa iko wapi?"

"Bado. Ina wiki moja tu."

"Lakini iko muzima?"

"Nzima kabisa."

Akainua uso, akanitazama moja kwa moja, labda kwa mara ya kwanza tangu niolewe. "Alors, kizazi ya ile nyeusi haitajua kama mutoto si yake?"

"Eh! Papa ya batoto!" mama akapiga kelele, akicheka mpaka kamba ikamtoka mkononi.

Siku ileile tuliwatia wale weusi wawili mimba zile, kila mmoja ya kwake, lakini mmoja hakushika. Papa mwenyewe alinipigia simu kuniambia kwamba ng'ombe huyo anataka dume tena, na alinieleza dalili zote bila kuruka hata moja, nami nikiwa sokoni nikinunua ndizi za makemba. Wa pili alinenepa taratibu, na papa akawa anamkatia majani mabichi, jambo ambalo weusi hawakuwahi kufanyiwa.

Alizaa asubuhi ya mvua. Nilivuka mara tu nilipopata pirogi, nikafika nimelowa. Ndama alikuwa jike, mwekundu, tumbo jeupe, anatetemeka kwa miguu iliyoachana, na yule mama mweusi anamlamba kwa bidii. Papa alikuwa ndani ya zizi amepiga magoti kwenye tope. Hakunisalimu. Alinirushia gunia kavu, akaniambia:

"Mama, shika upande ule. Mutoto iko na baridi."

Nikapiga magoti upande wa pili, tukamkausha.