Pua ya Bulle

Batula, muuza maziwa ya ngamia mjini Garissa, alimzika mumewe Bulle akabaki na pua yake. Pua yenyewe ilikuwa imekaa usoni mwa binti yao Nasteho, ndefu, pana, haina haraka ya kuisha. Ukoo mzima wa Bulle ulikuwa nayo, na majina yao ya utani yalitoka humohumo, maana huku kwetu mtu haonewi haya.

Nasteho, mwenye miaka kumi na saba, akasema inamharibia picha. Wenzake wawili shuleni walikwenda Nairobi wakarudi na vipua vyembamba, sasa yeye maskini angeishije? "Hooyo, nani atanioa na gogo hili?" Batula, mama mwenye huruma zake, akauza ngamia, akaenda kumtilia sahihi kwa daktari. Pua ikapunguzwa. Alhamdulillahi, dunia ikapona! Nasteho akafuta picha zake zote za zamani, zisije zikamwaibisha.

Mwaka uliofuata akahitaji kitambulisho ili aingie chuo. Na kitambulisho kwa mtoto wa Garissa si mchezo. Sharti kwanza akae mbele ya wazee wamhakiki, waseme ni wa nani, asije akawa wa ng'ambo ya mpaka.

Mzee Siyad akamkazia macho. "Bulle nilichunga naye. Pua yake ilikuwa ikiingia ndani kabla yake. Huyu si wake."

"Adeer, mzee wangu, ilikatwa," Batula akasema.

"Na mamba?"

"Na daktari."

"Kwani alikuwa anaumwa?"

Batula alitamani ardhi immeze. Akaambiwa alete picha ya zamani, picha hakuna. Basi alete mtu wa damu ya Bulle, la sivyo binti arudi nyumbani akasubiri.

Akaitwa Ramlo, dada yake Bulle, shangazi yuleyule ambaye Nasteho alikataa kupiga naye picha ya Idi. Siyad alimtambua tangu mlangoni. Ramlo akaapa kwa Mungu kwamba msichana ni wao, na mzee akaridhika. Chuo kikapatikana.

Walipotoka nje, Ramlo akamshika Nasteho kidevu, akamgeuza uso huku na huku, akimtafuta ndugu yake. Hakumwona. Akamwachia, akajifunika uso kwa mtandio, akalia. Batula alikuwa hajamwona akilia vile tangu siku ya mazishi.