Karatasi Haikungoja Mpunga

Mwaka 1966, nikiwa na miaka kumi na miwili, masikio yangu yalijaa mlio wa debe. Tulikuwa shambani Mofu, mimi na baba, tukiishi dunguni, kile kibanda cha juu ya miti cha kulindia ndege. Alfajiri hadi jua kuzama ni debe na kombeo, na harufu ya mpunga unaoanza kuiva, tamu mpaka inakutia njaa. Bondeni kwetu asiyelinda hali.

Nilikuwa nimefaulu darasa la nne. Shule ya kijiji iliishia hapo; za juu zilikuwa za ada. Baraza la wilaya likanipa karatasi: nichague shule yoyote yenye nafasi, wao watailipa. Nichague nini? Nilikuwa naijua moja tu, ya Ifakara. Karatasi yenyewe mwalimu wetu aliileta kwa miguu mpaka shambani.

“Shikamoo mzee. Mtoto aondoke kesho, nafasi zinajaa.”

“Marahaba. Na ndege awafukuze nani? Utapanda wewe dunguni na suruali yako hiyo?”

“Mzee, karatasi hii haingoji mpunga.”

“Kweleakwelea nao hawangoji karatasi, mwalimu. Tukivuna, ataenda.”

Baba hakuwa mjinga. Mama alishafariki, mikono ilikuwa minne tu. Tukavuna vizuri, nikaenda. Mkuu wa shule aliisoma ile karatasi, akanirudishia taratibu.

“Karatasi yako nzima, kijana. Kiti ndicho hakuna.”

Nilirudi nikashika jembe. Kwamba nafasi zilijaa tukiwa tunavuna, sikumwambia baba mpaka namzika.

Sasa nasikia redioni wenye tai wakitaka shule za umma wapewe wenye mitaji, na kila mzazi apewe vocha, karatasi ya kulipia ada, achague shule. Wanaona wamevumbua! Ukikaa Kibaoni, pale mjini Ifakara, utachagua, magari ya shule yanapita mlangoni. Huku mashambani mwenye mtaji atafuata nini, na watoto msimu wa ndege bado wako dunguni? Walipoitisha mkutano kijijini nilisimama nikasema hayo. Wakanipigia makofi, wakaendelea na ajenda. Mwenye nguvu mpishe, basi atapishwa. Tumaini sina, wala sitajifanya ninalo.

Leo nina nyumba mbili Kibaoni, mashine ya kukoboa mpunga, trekta moja, ekari arobaini Mchombe na ng'ombe kumi na mmoja. Vyote jasho langu. Darasa la tano nililiona siku moja, ile ya karatasi, kupitia dirisha.