Pikiniki kwenye Barabara ya Nyangezi

Uongo wa mama ulikuwa mdogo alipousema. Alikuwa amepelekwa Ubelgiji miezi mitatu kujifunza kushona kwa mashine za umeme, akalala kwa bibi mmoja mzee aliyependa pikiniki. Bibi huyo alimchukua wakale chini ya miti, wamekaa kwenye nyasi pamoja na wadudu, kisha akamwuliza kama Zaire watu hufanya hivyo pia. Mama hakutaka kutuaibisha. Akajibu kwamba sisi hufanya kila Jumapili. Bibi akafurahi sana, akamwazima kamera yake ili amletee picha.

Mama alifika Bukavu na koti zito lisilo na kazi, kitambaa cha meza chenye miraba myekundu, na kamera ikiwa imebakiza picha moja tu. Nyingine zote alikuwa amepiga theluji. Mtawa mmoja alikuwa anasafiri Jumatatu kwenda Ulaya, naye ndiye angeirudisha kamera kwa mwenyewe. Kwa hiyo tulikuwa na Jumapili moja na picha moja.

Papa aliazima kamionete ya kazini, gari dogo la mizigo. Baada ya misa tukapanda: papa, mama, koko, yaani mama yake mama, wadogo zangu wawili na mimi. Mama alinichagua nipige picha kwa sababu nina haya. Alisema kwamba mimi nikiwa ndani ya picha ninatazama viatu tu, basi afadhali nikae nje.

Tulisimama kando ya barabara ya Nyangezi, mahali penye nyasi fupi. Mama akatandika kitambaa, akatuketisha kukizunguka, akatoa kuku, sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, na bugali. Kisha akavifunika tena na kungoja jua litoke kwenye mawingu. Hakuna kugusa kabla ya picha. Na hakuna kelele, maana Ulaya watu wa pikiniki huongea polepole.

«Nyumba tuko nayo,» koko akasema. «Meza tuko nayo. Sababu ya nini tunakula chini kama mbuzi?»

«Maman, ndio vile wanafanya kule.»

«Wale hawana majirani?»

Koko akanyoosha miguu, akashika shavu. Mdogo wangu wa mwisho akaanza kulilia paja la kuku.

Ndipo walipopita wanawake watatu wenye mizigo ya kuni mgongoni. Walituona: familia nzima chini, kimya, vyungu vimefunikwa, mtoto analia, mzee ameshika shavu. Kwetu watu hukaa hivyo kwenye matanga tu. Wakatua mizigo.

«Poleni. Ni nani?» mmoja akaniuliza taratibu, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nimesimama.

Nilipaswa kusema hakuna mtu. Lakini alikuwa mgeni, na alikuwa ameushika mkono wangu. Nikatazama viatu.

«Ni mutu wa karibu sana,» akawaambia wenzake. «Mutoto hawezi hata kusema.»

Wakakaa. Wakatuachia fungu la kuni karibu na kitambaa, kama inavyotakiwa kwenye msiba. Waliopita nyuma yao wakaona watu wamekaa, nao wakakaa. Akaja baba mmoja na baiskeli na bidoni ya kasiksi, ile pombe ya ndizi, akavua kofia. Wanakwaya waliotoka kanisani wakaanza wimbo wa chini chini, na koko, ambaye aliujua, akawashikia sauti ya pili.

Mama alidhani wote wamekuja kumsalimia yeye aliyetoka Ulaya. Alijibu aksanti kwa kila mtu. Mwanamke mmoja akaelezwa habari ya theluji, akatikisa kichwa kwa huruma.

«Aligonjwa siku mingi?» baba wa baiskeli akamwuliza papa.

«Nani?»

«Ule alikufa.»

Papa akamtazama mama. Mama akanitazama mimi. Macho yangu yalikuwa kwenye viatu.

«Hakuna mutu alikufa,» mama akasema. «Tuko tunakula tu.»

Wimbo ukakatika.

«Hapa inje? Na nyumba muko nayo?» baba wa baiskeli akauliza.

«Ndiyo, muzee.»

Akaiminya kofia kifuani. «Basi poleni zaidi.»

Hakuna aliyeondoka, na mtu hawezi kula mbele ya watu bila kuwakaribisha. Mama akafunua vyungu. Kuku wetu alikatwa vipande ambavyo hata yeye asingevitambua. Bidoni ikazunguka. Kuni za matanga zikawashwa, tukachoma ndizi. Na jua likatoka.

«Sasa,» mama akaniambia. «Piga famille tu.»

Maana yake ni kwamba niwaambie watu wasogee. Nikafungua mdomo, nikaufunga. Badala yake nikarudi nyuma hatua moja ili wote waingie, kisha nyingine. Wao wakajipanga mistari, wafupi mbele. Nilibonyeza nikiwa tayari ninaanguka kwenye mfereji.

Barua ilifika baada ya miezi mingi, na picha ndani yake. Barabara imelala upande, nusu ya picha ni mawingu, lakini mama yuko katikati ya umati, ameshika mfupa na anacheka. Bibi aliandika kwamba hajawahi kuona pikiniki kama hiyo. Mwaka ujao angependa kuja mwenyewe, Jumapili yoyote, kwa kuwa ni kila Jumapili.

Mama alisoma mara mbili, akakaa chini. Papa akasema kamionete haipatikani kila wiki.

«Mumuandikie akuje,» koko akasema. «Lakini akuje na kuni.»