Mtoto Wako Anaogopa Nini?

Dada yangu amekaa kwenye dirisha la mapokezi la zahanati kwa miaka kumi na mmoja, na katika miaka hiyo hajawahi kupokea fomu yenye nafasi wazi. Ukimpa karatasi uliyoruka swali, anaisukuma irudi kwako kwa ncha ya kalamu.

"Hapa mbona pako wazi?"

Ukimwambia ni jambo la siri, atainamisha kichwa karibu na kioo ili walio kwenye foleni wasisikie. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Andika."

Wagonjwa humwita Mama Fomu. Wapo wanaomchukia, mpaka siku daktari anaposoma ule mstari waliolazimishwa kuujaza na kubadilisha dawa ambayo ingewaua. Siku hiyo hurudi dirishani na maneno matamu. Naye huwaambia wasogee, kuna mtu nyuma yao.

Mwanawe wa pekee ana miaka tisa. Kwa domo lake tunamwita Chiriku. Akitoka shule hukaa kwenye benchi la zahanati kumsubiri mama yake, na hapo ndipo alipojifunzia uigizaji, si kwingine. Alijua kutofautisha kikohozi cha mwenye pumu na kikohozi cha mtu anayetafuta cheti cha kupumzika kazini. "Huyu anaumwa kweli," angesema, kisha angekohoa mpaka macho yamtoke. "Na huyu ana harusi Ijumaa." Benchi zima lingecheka, pamoja na mwenye harusi.

Siku moja alikaa kwenye benchi hilo mwanamke anayewapaka waigizaji vipodozi, amekuja kupima presha. Alimtazama Chiriku kwa muda mrefu, kisha akaenda dirishani. Akasema kuna tamthilia inatafuta mtoto wa kike, usaili ni Jumamosi. "Mlete. Lakini msimfundishe kitu."

Bila shaka tulimfundisha. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo mwaka ule, najua kila kitu, na nilimfundisha kunyanyua mkono wa kulia kila anapofika kwenye neno zito, kama tunavyokariri mashairi shuleni. Jumamosi ilipofika aliingia kwenye chumba cha usaili, akasema maneno manne, akanyanyua mkono.

"Shusha mkono," mwongozaji akamwambia. "Nani amekufundisha hivyo?"

"Mjomba."

"Mwambie mjomba apumzike. Sasa niambie hayo maneno kama unavyomwambia mama yako."

Kati ya watoto themanini alichaguliwa yeye. Nyuma yake kwenye orodha aliwekwa mtoto mwingine wa akiba, jambo ambalo wakati huo hatukulitilia maanani.

Kisha ikaja fomu kutoka kwa watu wa tamthilia. Kurasa nne. Dada aliijazia mezani kwetu kwa kalamu yake ya kazini, mgongo umenyooka kama yuko dirishani. Chanjo, shule, saa za kulala, chakula kinachomdhuru. Swali la kumi na nne liliuliza: mtoto wako anaogopa nini?

"Andika mbwa," nikamwambia.

"Haogopi mbwa."

"Sasa dada, hayo mengine yanawahusu nini?"

"Unamkabidhi mtu mtoto, halafu unamficha anachopaswa kukijua? Wewe umesoma kweli?"

Akaandika. Chiriku alipokuwa na miaka minne alilazwa siku kumi na moja. Wodini wazazi hawakuruhusiwa kulala, na wauguzi waliwashauri akina mama waondoke mtoto akishasinzia, wasiage, ili asilie akasumbua wenzake. Dada alitii. Kwa siku kumi na moja Chiriku aliamka na kukuta kiti kitupu. Alipopona akawa hafumbi macho mpaka ameshika nguo ya mtu. Ilichukua karibu mwaka mzima kumrudisha, na dawa yake ilikuwa moja tu: dada hakuondoka tena mahali popote bila kumuaga, hata akienda msalani. Hayo yote aliyaandika kwenye mistari mitano ya swali la kumi na nne na kuendelea pembeni, na akamalizia: *Tafadhali, nikihitajika kutoka, nipeni nafasi nimuage.*

Siku tatu za kwanza za kurekodi zilikwenda vizuri mno. Dada alikuwa amebadilishana zamu na mwenzake wa dirishani. Mimi nilibeba mkoba wa nguo na kujifanya meneja. Chiriku alijua maneno yake na ya wengine pia, mpaka mwigizaji mmoja mkongwe alipokwama, Chiriku akamnong'oneza, na mzee yule akasema, "Asante, bosi."

Siku ya nne tulikuwa kwenye nyumba ya kupanga, chumba cha kulala kimejaa taa na nyaya. Katika hadithi, mama wa mtoto amehama nyumba asubuhi bila kusema neno. Mtoto anarudi kutoka shuleni, anafungua kabati, anakuta vining'inizio vya nguo vitupu. Analia. Hapo ndipo sehemu yote ya kwanza ya tamthilia inapoishia, na mwenye nyumba alitaka nyumba yake saa kumi kamili. Ilikuwa saa nane na nusu.

Msaidizi wa mwongozaji, msichana mwenye simu ya upepo kiunoni, alimfuata dada. "Mama, njoo nje kidogo kuna karatasi ya kusaini."

"Nimuage kwanza."

"Ni hapa tu mlangoni, mama. Nusu dakika."

Dada alimtazama Chiriku. Alikuwa anapakwa poda, amefumba macho. Akatoka. Mimi nikatoka naye kwa sababu nilikuwa na kiu. Mlango ukafungwa nyuma yetu, na msichana akausimamia kwa mgongo.

"Karatasi iko wapi?" dada akauliza.

"Inakuja."

Tulisubiri. Ndani mtu aliomba kimya. Kisha tukasikia sauti ya mwongozaji, ya upole kabisa, sauti ya mtu anayempa mtoto pole. "Chiriku, mama yako ameondoka. Amesema hawezi kungoja. Hakutaka ufumbue macho." Kisha akaongeza, "Haya, mpenzi. Fungua kabati."

Nilimwona dada akipoteza rangi. Mtu mwingine angedhani ni bahati mbaya. Yeye aliyatambua maneno yake mwenyewe. Alikuwa ameyaandika kwa mkono wake, kwa herufi zinazosomeka, akiamini kwamba mtu anayeuliza mtoto anaogopa nini anauliza ili amkinge. Miaka kumi na mmoja amewaambia watu waandike. Hakuwahi kufikiri kwamba upande wa pili wa dirisha anaweza kukaa mtu anayetafuta pa kubonyeza ili paume.

Chiriku hakulia kwa sauti. Kilio chake cha wodini hakikuwa na sauti mwanzoni. Ni pumzi inayovutwa, inavutwa, haitoki. Tuliisikia kupitia ubao wa mlango.

"Mama, dakika tano tu," msichana akanong'ona. Alikuwa na aibu, lakini hakusogea. "Inatoka vizuri sana. Akimaliza utamkumbatia, atasahau."

Mimi nilikuwa tayari kuvunja mlango. Nilikuwa na hotuba nzima kifuani kuhusu watu wanaogeuza maumivu ya mtoto kuwa bidhaa, na bado naiamini, kila neno. Dada akanishika kifua kwa kiganja.

"Wewe kaa hapa. Ukiingia wewe itakuwa vita."

Akamgeukia msichana. "Mwanangu, sogea." Hakupaza sauti. Ni ile sauti ya dirishani, na msichana akasogea kama anavyosogea kila mtu.

Aliingia moja kwa moja mbele ya kamera. Chiriku alikuwa amesimama mbele ya kabati wazi, mikono miwili imeshika kining'inizio, uso umelowa. Alipomwona mama yake hakumkimbilia. Alimtazama tu, na hilo ndilo lililomuuma dada kuliko kilio.

"Ulikuwa wapi?"

"Mlangoni."

"Wamesema umeondoka."

"Wamekudanganya. Na mimi nilitoka bila kukuaga. Hilo ni kosa langu."

Mwongozaji alivua miwani. Si mtu mbaya. Ningefurahi kama angekuwa, ingekuwa rahisi. Ni mtu aliyechoka, mwenye saa moja na dakika kumi na tano. "Mama, umeniharibia. Ile ilikuwa ndiyo yenyewe. Sitaipata tena."

"Nilikuandikia vile umlinde."

"Mtoto huwezi kumwambia 'huzunika' akahuzunika. Kazi hii ina njia zake. Wote hufanya hivi."

"Umejaribu kumwambia?"

Chiriku ndiye aliyejibu, huku akijifuta kamasi kwa kiganja. "Hukuniambia. Ungeniambia tu nilie."

"Ungeweza?"

"Sijui. Si hukuniambia."

Fundi mmoja wa taa aliinamisha uso kuficha kicheko. Mwongozaji hakucheka. Alitazama saa, kisha akamwambia dada, bila ukali, kama mtu anayesoma ratiba: "Wa pili kwenye orodha anakaa karibu. Nikipiga simu, nusu saa yuko hapa. Sehemu zote alizocheza huyu nitazirudia na yule. Nachagua sasa hivi."

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa kweli. Chiriku alikuwa akiiota kazi ile. Aliamka akiisema, alilala akiisema.

"Mpigie," dada akasema.

Akachuchumaa mbele ya mwanawe. "Tunaweza kwenda nyumbani sasa hivi, na hakuna atakayekusema. Au ujaribu, mimi nikiwa nimekaa pale." Alionyesha kiti cha plastiki karibu na dirisha. "Sitatoka. Chagua wewe, si mimi."

Chiriku alimtazama msichana wa mlangoni, ambaye tayari alikuwa akitafuta namba kwenye simu yake ya mkononi. "Nijaribu," akasema.

Mara ya kwanza ilikuwa balaa. Alilia kama watoto wanavyolia kwenye michezo ya shule, mdomo wazi, hakuna chozi, na nilijua mafunzo yale yalitoka kwa nani. Mara ya pili hakulia kabisa. Alitazama kiti kila sekunde kuhakikisha kuna mtu. "Anaangalia pembeni," mpiga kamera akalalamika. Saa tisa na dakika ishirini. Msichana alikuwa ameshaweka simu sikioni.

"Mama," Chiriku akasema katikati ya chumba, mbele ya watu wote. "Kule hospitali, nikilala, ulikuwa unaondoka saa ngapi?"

Dada aliangalia mikono yake. Swali hilo hakuwahi kuulizwa, na nadhani alikuwa amefurahi kutoulizwa. "Nilikuwa siondoki. Nilikuwa nasimama nje ya kioo cha wodi mpaka mlinzi aje kunitoa."

"Ukifanya nini?"

"Nakuangalia."

"Ulikuwa unalia?"

"Ndiyo."

"Kwa sauti?"

"Hapana. Wangenifukuza."

"Kumbe," Chiriku akasema. Akakaa kidogo, kama mtu anayepewa chenji na kuihakiki. Kisha akamgeukia mwongozaji. "Niko tayari."

Aliingia na begi lake la shule. Akaita mama mara moja, kwa sauti ya kawaida ya mtoto mwenye njaa. Akafungua kabati. Hakuangalia kiti. Alishika kining'inizio cha kwanza, akakisogeza, cha pili, akakisogeza, polepole, kama nguo bado zipo na hataki zikunjike. Kisha akalifunga kabati taratibu sana, akizuia mlango usigonge, kama kuna mtu amelala ndani asiyetakiwa kuamka. Hakutoa chozi. Alibaki ameegemeza paji la uso kwenye ubao, akipumua kwa pua, na hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba anajizuia asisikike.

Mwongozaji hakusema "kata" ili wasimamishe. Kamera iliendelea kurekodi mgongo ule mdogo wa sare ya shule mpaka Chiriku mwenyewe akageuka. "Nimekosea?"

Msichana alikuwa bado ana simu sikioni. Sauti ya mzazi mwingine ilisikika ikisema halo, halo. Mwongozaji akamwashiria aikate.

Akaja akachuchumaa pale alipokuwa amechuchumaa dada. Magoti yake yalilia. "Nilikudanganya," akamwambia Chiriku. "Mama yako hakuondoka. Mimi ndiye niliyemtoa."

"Najua," Chiriku akasema. "Usinidanganye tena, nitasahau maneno."

"Sawa."

Dada alisimama. "Na kuanzia leo, lolote mnalotaka kumwambia ambalo halimo kwenye mswada, linapita kwangu kwanza."

"Mama, tutachelewa kila siku."

"Basi mchelewe."

Mwongozaji alimtazama, akavaa miwani, akatazama saa iliyobakiza dakika ishirini na tano. Nilijua anahesabu siku tatu zilizokwisha kurekodiwa, na sijui hadi leo kama alikubali kwa haki au kwa hesabu. "Tunahamia jikoni," akawaambia watu wake.

Mafundi wakaanza kung'oa nyaya na kunyanyua taa. Hakuna aliyemwambia dada akae wapi. Akakinyanyua kile kiti cha plastiki, akakitanguliza kifuani kati ya watu na vyuma, na kuwafuata jikoni, huku Chiriku mbele yake akimfundisha fundi wa taa kikohozi cha mtu mwenye harusi Ijumaa.