Paja la Wenye Msitu

Shoga yangu, wewe nakwambia kwa sababu najua hutonicheka. Mume wangu hanisemeshi vizuri tokea ule mkutano wa wawindaji, na mimi maneno niliyoyasema siyarudishi.

Mume wangu anafanya kazi ghalani hapa Hayes, London, karibu na uwanja wa ndege. Raha yake ni moja tu, kuwinda paa. Kila msimu akipata kibali kwenye klabu ya kijiji kimoja nje ya London, akenda Jumamosi na bunduki yake, akipiga kwa bismillahi, akirudi na nyama ya halali. Friza yetu ikijaa. Siku ya Idi Wapemba wa mtaani wote wakila kwetu.

Halafu wenyeji wakaitisha mkutano. Walitaka vibali vya watu wa London vipunguzwe, kwa sababu vinakwisha kabla wao hawajapata. Mume wangu Kiingereza chake ni cha kazini tu, mimi nimesoma masomo ya jioni, basi akanichukua nikamsemee. Njia nzima ananifunza la kusema: kodi tunalipa, sheria tunafuata, nchi ni ya wote.

Ukumbini akasimama mzee mmoja wa pale. Hakugomba. Alisema baba yake aliwinda msitu ule, na yeye kawinda, na safari hii mwanawe amekosa kibali. Watu wa London wanakuja, wanapiga, wanapakia, wanaondoka; hata majina yao hayajui.

Hapo nikawa kama namsikia baba yangu. Kwetu kusini Unguja baba akisaka paa na wenzake, kwa nyavu na mbwa. Wakija watu wa mjini na magari na bunduki, wakishapata wanatimua vumbi. Na desturi yetu, mgeni akija kusaka hufuatana na mwenyeji, na akipata, paja moja hubaki kijijini. Baba akiwaambia, "Kibali mmepewa na serikali. Hodi mmempigia nani?"

Mume wangu akanigusa kiwiko, sema. Nikasimama.

"Wenyeji wana haki," nikasema. "Lakini mlango msiufunge. Mgeni afuatane na mwenyeji, na paja aliache."

Mtu nyuma akauliza kwa mzaha nani atakayelipika. Nikamwambia alete sufuria. Wakacheka wote, isipokuwa mume wangu.

Wakakata shauri hivyo: mtu wa nje hapati kibali mpaka mwenyeji amwalike.

Tukarudi kwa gari mpaka tukaziona taa za uwanja wa ndege. Ndipo mume wangu aliposema, "Nimekuchukua unitetee, mke wangu, ukanihukumu."

"Nenda kwa yule mzee," nikamwambia. "Usichukue bunduki. Chukua haluwa."

Hajakwenda. Msimu umeshaingia tena, bunduki imo kabatini kwa kufuli, na kwenye friza mna kuku. Akishasali magharibi, mimi namwomba Mungu amlainishe moyo. Ningeulizwa tena leo ningesema yale yale, na yangeniuma vile vile.

Basi nakuomba, shoga yangu, haya usikae nayo peke yako. Wasimulie wenzio, hasa wale ambao waume zao wanatoka mjini kwenda kuwinda kwa watu. Labda yatazunguka mpaka yamfikie wangu kwa mdomo wa mtu mwengine, maana kwa mdomo wangu hayataki.