Maharage ya Kibuyuni

Baba aliacha kula tulipomzika mama, na kwa kuwa mimi ndiye binti pekee, macho yote yalinigeukia. Kaka zangu walirudi makazini kwao, wakawa wanamtia mzee moyo kwa simu, maneno mazuri kweli kweli. Mimi nilifunga duka langu la vitenge Tunduma, nikamwachia mume wangu watoto, nikabaki nyumbani Nanyala na begi moja la nguo.

Nilidhani ni suala la mapishi. Mtu wa biashara huamini kila jambo lina dawa yake, kazi ni kuchakarika tu. Nikampikia ndizi na nyama, akala vijiko viwili akashukuru. Nikachinja kuku, paja lake nikalikuta kwa mbwa, nyuma ya banda. Nikapika wali, akauzungusha kwenye sahani mpaka ukapoa. "Ahsante, mama, nimeshiba," aliniambia. Huniita mama tangu nikiwa mdogo, kwa sababu nilirithi jina la mama yake. Suruali yake alikuwa anaifunga kwa kamba sasa, na shati alilovaa kanisani lilimpwaya kama la kuazima. Niliogopa. Usiku nilikuwa nasikiliza kama anapumua.

Hata msibani alikuwa hajala. Majirani walipika maharage kwenye masufuria makubwa, kama ilivyo kwetu, kwa maana nyumba yenye msiba haiwashi moto wake. Watu wakala na kusifu. Baba alionja kidogo, akamnong'oneza mchungaji kwamba hayajaiva. Kumbe hata siku ile, katikati ya vilio, alikuwa analinganisha.

Na nani angeshindana na supu ya mama? Ile haikuwa mboga ya kulia ugali. Tuliinywa kwenye vikombe vya bati, hasa miezi ya baridi, wakati ukungu wa Mbozi hauondoki mpaka jua limepanda sana. Hakutia magadi kamwe. Magadi, alikuwa akisema, ni ya wanawake wenye ahadi na watu. Aliyaacha maharage yatokote taratibu tangu asubuhi, kisha nusu yake akayaponda kwa mwiko humo humo sufuriani ili supu iwe nzito. Halafu vitunguu, nyanya, tangawizi, vitunguu saumu, na pilipili kichaa za kumtoa mkwe jasho mbele ya wakwe wenzake. Mume wangu siku ya kwanza kuletwa nyumbani alikunywa kikombe kizima kwa adabu, akaomba maji, akaomba tena maji, na mama akampenda kuanzia hapo.

Siku moja mchana uvumilivu wangu uliniishia. Niliweka sahani chini, nikakaa mbele ya baba pale jikoni, kwenye jiko la nje alikopenda kushinda siku hizo, karibu na mafiga ya mama.

"Baba, nikikupikia nini utakula?"

"Supu ya mama yako."

"Maharage ya kula yameisha. Yote tuliyatoa msibani. Nikuletee ya sokoni Mlowo?"

Alinyoosha kidole juu, kwenye kibuyu kilichoning'inia kwenye moshi.

"Yale ni mbegu, baba."

"Nayaona."

Lazima nieleze kuhusu kile kibuyu. Kila baada ya mavuno mama alikaa na ungo akachambua maharage, moja moja, kama anayetafuta kitu kilichopotea. Yaliyojaa na kung'aa, rangi ya maini yenye michirizi myeupe, aliyatia kibuyuni pamoja na majivu na pilipili ya unga ili wadudu wasiyakaribie, akaziba mdomo kwa gunzi. Yaliyosinyaa, yaliyovunjika, yenye vitundu, ndiyo tuliyokula sisi. Mvua zilipoanza, baba alipiga matuta na mama akatia mbegu. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya nyumba yetu na hakuna aliyeingilia zamu ya mwenzake. Kahawa na mahindi yalikuwa ya baba. Maharage hakuwahi kuyatia udongoni kwa mkono wake.

Na mbegu haziliwi. Hili halihitaji kufundishwa, kwetu mtoto hulijua kabla hajajua kuhesabu. Mwaka mmoja wa njaa mama alikwenda kuomba mahindi kwa dada yake, akarudi na aibu yake kichwani pamoja na furushi, na kibuyu kikabaki kimefungwa pale pale juu ya moto. Nyumba inayokula mbegu yake haina tena mpango na mwaka unaokuja. Kwa hiyo nilielewa baba ananiambia nini.

"Mvua ziko karibu," nikasema. "Mbegu ni hizi tu. Mwaka jana hatukupata kitu cha maana."

"Atazipanda nani?"

"Nitatafuta mtu."

"Mtu? Kwenye shamba la mama yako?"

"Basi nitazipanda mimi."

"Halafu uzipalilie ukiwa Tunduma?" Aliuliza kwa upole, na upole huo ndio ulioniumiza. "Una nyumba yako, mama. Una watoto. Kwako kwenyewe pamesakafiwa saruji mpaka mlangoni. Mimi sipandi tena. Nipikie."

Wahenga walisema heri kufa macho kuliko kufa moyo, na mimi nilikuwa nauona moyo wa baba yangu ukifa huku macho yake mazima. Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye, nikawakasirikia kaka zangu na simu zao, nikamkasirikia hata mama aliyeondoka mwezi wa kuandaa mashamba. Lakini mbele yangu alikuwa mzee aliyekonda anayeomba chakula kwa mara ya kwanza tangu msiba, na juu yetu kibuyu. Nikamchagua mzee. Nilipanda kwenye kigoda nikakishusha.

Kilikuwa nusu tu, maana mwaka jana mvua zilikatika mapema. Nilipoyamimina kwenye ungo majivu yaliruka na pilipili ikanipiga puani nikapiga chafya mfululizo, na baba akacheka kidogo. Nilijaribu kusukuma kiasi pembeni kwa kiganja, kama vile napepeta.

"Yote," akasema.

Nikayaosha maji matatu mpaka majivu yakaisha. Mazuri jamani! Sikuwahi kuyashika yakiwa safi hivyo. Nikayabandika, nikachochea kuni, nikakaa. Hapakuwa na haraka wala magadi. Jirani aliyepita njiani alisema harufu imefika mpaka barabara kuu. Yalipoiva niliponda nusu yake, nikatia vitunguu na nyanya na tangawizi, pilipili nikaziweka kwa hasira, zaidi hata ya mama.

Baba alimaliza kikombe. Akasukuma kikombe mbele kama mtoto, nikamjazia tena. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, akajifuta kwa mkono wa shati, akaendelea. Mimi nilipoonja nilishusha kikombe. Ilikuwa supu tamu kuliko zote nilizowahi kunywa katika nyumba ile, tamu kuliko ya mama mwenyewe, na sababu nilikuwa naijua. Maisha yetu yote tulikula yale aliyoyakataa. Haya mazuri alikuwa akiyapeleka shambani, na yeye mwenyewe amekufa hajawahi kuyaonja. Nililia pale pale. Tulibakiza kiasi sufuriani, nikafunika.

Alfajiri mvua ikashuka. Ilikuwa ile mvua ya kwanza yenyewe, inayopiga bati mpaka watu ndani hawasikilizani, kisha ikatulia ikawa ya kuloweka ardhi. Nikaenda kumwangalia baba kitandani. Hakuwepo.

Nilimkuta nyuma ya jiko, kwenye kipande cha mama, na jembe mkononi. Miguu yake ilikuwa imezama kwenye tope, anapiga matuta. Alikuwa ameshamaliza mstari mmoja na wa pili kaufikisha katikati, mgongo umeinama vizuri, anapumua kwa nguvu kama mtu mzima anayefanya kazi yake. Sikuwa nimemwona na nguvu vile tangu msiba. Nilifurahi kwa muda wa kuvuta pumzi moja tu. Nadhani tulikumbuka pamoja, kwa sababu aliponiona aliliweka jembe chini taratibu, akayatazama matuta aliyoyafanya.

"Miguu imenileta yenyewe," akasema.

Hapo ndipo mama jirani alipoingia uani, khanga kichwani kwa ajili ya manyunyu, na bakuli la plastiki mkononi. Ni mjane wa nyumba ya pili kutoka kwetu, rafiki wa mama wa miaka mingi. Alitupa pole tena, akaisifu mvua, kisha akazungukazunguka na maneno, nikaona ana shida.

"Samahani, mzee, sitaki kuwasumbua na msiba bado mbichi," akasema. "Ila marehemu aliniambia nije mvua ikishuka. Mimi mwaka jana sikubakiza mbegu. Nikamwambia nitapanda nini, akasema usihangaike, zipo pale juu za kwako na zangu. Na wale wa kule mlimani nao aliwaambia hivyo hivyo. Watakuja."

Baba hakujua. Mimi sikujua. Yale yalikuwa mapatano ya wanawake, yamefanyika kisimani au kwenye njia ya kanisani, na mama aliona hakuna haja ya kuyasema kwa kuwa kibuyu kilikuwepo na yeye alikuwepo. Nilimwangalia baba nikamwomba kwa macho aniachie niseme mimi, niongope chochote, niseme zimeoza. Yeye alifuta tope mikononi kwenye suruali.

"Zimo kwenye sufuria, mama," akamwambia. "Tumezila. Karibu."

Yule mama hakuelewa. Aliingia jikoni akitabasamu bado, nikafunua sufuria. Alitazama ndani. Akatazama juu, pale kibuyu kilipokuwa. Kisha akaketi kwenye kigoda, akaninyooshea lile bakuli lake, nikampakulia.

Alikunywa polepole, bila kunilaumu kwa neno hata moja. Baba alisimama mlangoni. Mwishoni yule mama alichovya vidole bakulini, akatoa punje moja iliyokuwa bado nzima, nyekundu, na michirizi yake ikionekana. Akaishika kati ya vidole, akaibonyeza taratibu. Ilikuwa imeiva vizuri.